Gunia la viazi lilivyotaka kutuangamiza Kinungi

Jumamosi moja ya mwaka 2022 baba watoto alinipigia simu akiwa langoni, akaniambia nishuke upesi na nije na watoto. Niliteremka ngazi za ghorofa tatu nikiwa na kitambaa cha vyombo begani, moyo ukinidunda, nikidhani labda amegonga mtu. Nilipofika nje nilikuta nyuma ya gari letu kumefungwa nyumba. Ndiyo, nyumba. Nyumba nyeupe ya bati jembamba, yenye madirisha, mapazia ya rangi ya kahawia, mlango ubavuni na magurudumu mawili tu. Majirani walikuwa wamejaa kwenye roshani. Bawabu aliuliza ni nani anayehama.

"Ni karavani," baba watoto akasema, akitabasamu kama mtoto aliyenunuliwa baiskeli. "Ni yetu."

Nilimuuliza swali moja tu: pesa zimetoka wapi? Tabasamu likamtoka. Kwa miaka minne tulikuwa tumeweka akiba pole pole kwa ajili ya kiploti huko Kitengela, na kilichobaki kilikuwa kidogo tu tulipe amana. Sikungoja jibu. Niligeuka nikapanda ngazi, na kwa wiki tatu mazungumzo ya nyumba yetu yalikuwa ni "chakula kiko mezani" na "karo imelipwa".

Msomaji mpenzi, si desturi yangu kuanika mambo ya nyumba yangu gazetini. Lakini siku hizi naona familia nyingi za mjini zikivuta vijumba vya aina hii, vingine vimenunuliwa kwa wageni wanaorejea makwao, vingine vimeundwa na mafundi wetu wa jua kali, na kila nikiviona barabarani nakumbuka dakika moja katika mteremko wa Kinungi ambapo watu watano wa familia moja nusura waende kwa pamoja. Kwa hivyo nitasema yote, hata yale yanayoniaibisha.

Karavani yetu iliundwa Uingereza miaka ya 1990. Mwenyewe alikuwa mzee Mwingereza aliyeishi Nairobi kwa miaka mingi, na sasa alikuwa akirudi kwao kwa watoto wake. Baba watoto alifikiri amepata bei ya kutupa. Kabla hujafikiri hivyo wewe, ingia ndani ya hicho unachouziwa, funga mlango na madirisha, ukae dakika tano bila kusema neno. Nusa. Ukisikia harufu ya nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi, ujue maji yameingia kwenye kuta. Bonyeza kwa kidole gumba pembe zote, chini ya madirisha na kando ya tundu la paa, kisha tembea sakafuni ukikanyaga kwa nguvu. Penye kubonyea kama mkate pameoza. Yetu ilikuwa imeoza karibu na mlango, pahali pa upana wa sinia, na fundi wa Kariobangi alitutoza pesa nyingi kuliko punguzo lote ambalo baba watoto alijivunia.

Jambo jingine ni upande wa mlango. Waingereza huendesha magari upande wa kushoto kama sisi, kwa hivyo karavani zao huwa na mlango upande wa kushoto, na anayeshuka hutua kwenye majani. Zile za bara Ulaya mlango wake huwa upande wa kulia. Hebu fikiria umesimama kando ya barabara ya Mombasa, mtoto akaamka usingizini, akafungua mlango, akaruka. Anatua mbele ya lori.

Tairi zilitudanganya vilevile. Zilikuwa na meno yote, nyeusi tititi, na baba watoto akazipiga teke na kuzisifu. Fundi ndiye aliyemwonyesha tarakimu nne zilizochapwa ubavuni mwa tairi: 1409. Maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2009. Ilikuwa na umri wa miaka 13, mkubwa kuliko kifungua mimba wetu! Tairi za karavani haziishi kwa kulika, huzeeka zikiwa zimesimama juani, mpira wake ukakauka na kupasuka kwa ndani. Zikifikisha miaka 6 au 7 zitoe, hata kama zinang'aa. Tulinunua tatu, ya tatu ikiwa ya akiba, maana spea ya gari haiingii kwenye karavani. Fundi pia alifungua beringi za magurudumu akazisafisha na kuzitia grisi mpya, kisha akatuonya kwamba nati za magurudumu yaliyotolewa hulegea, hivyo tuzikaze tena baada ya kilomita 50 hivi. Huo ni ushauri wa spana moja na dakika tatu, na kuna watu wanaopitwa na gurudumu lao wenyewe barabarani kwa kuupuuza.

Karatasi zake pia zina mambo. Karavani ni trela mbele ya sheria, na trela ina kitabu chake cha umiliki na nambari yake ya usajili, zile zinazoanza na herufi Z. Usikubali kuambiwa kwamba itatumia nambari ya gari lako. Hakikisha leseni ya dereva inamruhusu kuvuta uzani huo, na uwape habari watu wa bima kabla ya safari, si baada ya ajali.

Mzee yule alikuwa mwungwana. Kabla ya kukabidhi funguo alimkalisha baba watoto chini na kumfunza kwa saa mbili. Alimweleza kwamba breki za karavani kama hii hazina pedali: gari likipunguza mwendo, karavani huisukuma ndoano kwa mbele, na msukumo huo ndio unaozivuta breki zake zenyewe. Alimwonyesha waya mwembamba unaofungwa kwenye gari, ambao karavani ikichomoka huvuta breki ya mkono kabla ya kukatika. Alimwambia uzani wa karavani iliyojaa usizidi asilimia 85 ya uzani wa gari tupu linaloivuta, hasa kwa dereva mgeni. Gari letu lina kilo 1,450 hivi, na karavani ikijaa isipite kilo 1,100. Hapo tulikuwa salama. Na alimwambia jambo la mwisho, ambalo alilirudia mara tatu: "Ikianza kutikisa mkia, usikanyage breki, usipigane na usukani. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, ungoje."

Yote hayo baba watoto alitaka kunieleza. Mimi sikutaka kusikia habari za hicho kitu.

Desemba ilipofika watoto wakaanza kulia kila jioni, na mama mkwe akapiga simu kutoka nyumbani akisema angependa kuiona hiyo ploti yenye magurudumu kabla hajafa. Basi tukapanga siku tatu Naivasha, kilomita 90 hivi kutoka Nairobi. Asubuhi ya safari watoto walikuwa wamejilaza kwenye kitanda cha karavani wakitaka kusafiri humo, na nyanya yao naye akauliza kwa nini asinyoshe miguu huko nyuma wakati kitanda kipo. Hapo mimi na baba watoto tulikubaliana kwa mara ya kwanza tangu Agosti. Hapana. Humo hamna mikanda, vyombo vya juu hufunguka, na dereva hawezi kusikia mtu akilia. Mtu hakai ndani ya karavani inayokwenda, awe mtoto au nyanya.

Kabla ya kuondoka alinituma nyuma nitazame taa huku yeye akibonyeza: breki, indiketa ya kushoto, ya kulia. Ya kulia haikuwaka. Pini moja ya soketi ilikuwa na kutu, akaikwangua kwa kisu. Usione haya kufanya hivyo kila safari, hata kama uliwasha jana. Pia nunua vioo vya ziada vya kufunga juu ya vioo vya gari. Karavani ni pana kuliko gari, na bila vioo hivyo hutaona matatu inayokuja.

Tulikwenda vizuri. Polisi mmoja karibu na Limuru alitusimamisha, akaizunguka karavani mara mbili, akauliza tunahamia wapi, akacheka, akatuachilia. Tulipofika Soko Mjinga nilisema tusimame. Nani apite Soko Mjinga bila kununua viazi? Nilinunua gunia la kilo 50, kabeji kumi, na karoti za kutosha ukoo mzima.

Baba watoto alisema kwa upole, "Viazi tuviweke kwenye buti ya gari."

Buti ilikuwa imejaa mizigo ya mama mkwe. Nikamjibu kwa sauti ambayo wachuuzi wote waliisikia, "Si umenunua nyumba? Nyumba haina stoo?" Nikamwamuru kijana wa soko aliyebeba gunia alisukume hadi mwisho kabisa wa karavani, nyuma, chini ya dirisha, mahali ambapo tayari nilikuwa nimepanga mitungi miwili ya maji ya lita 20. Kabeji zikafuata. Baba watoto alifungua kinywa, akakifunga. Mama yake alikuwa akitutazama. Akawasha gari.

Ukishapita Flyover barabara huanza kushuka, na unaona bonde lote la Naivasha mbele yako, Longonot kushoto imekaa kama chungu kilichovunjika mdomo. Mwendo ukapanda wenyewe bila mtu kuutaka. Nilitupa jicho nikaona 85. Hapo basi kubwa likatupita kwa kasi, na upepo wake ukaisukuma karavani, kisha ukaivuta. Nilihisi kiti changu kikivutwa upande kidogo, halafu upande wa pili zaidi kidogo, halafu upande wa kwanza tena, zaidi.

Ni vigumu kumweleza mtu ambaye hajapata kuyaona. Gari haliendeshwi tena na dereva. Linashikwa nyuma na kutikiswa kama paka anavyomtikisa panya. Kwenye kioo niliiona karavani yote, ubavu wake wa kulia, kisha ubavu wa kushoto, kisha wa kulia. Lori lilikuwa likipanda kutoka chini kuja upande wetu. Watoto walikuwa wakipiga mayowe. Mimi nilipiga kelele: "Funga breki! Funga breki!"

Hakufunga. Nilimwona akiinua mguu wake na kuuweka sakafuni, mbali na pedali, na mikono yake ikiwa imeshika usukani ikatulia kabisa kana kwamba amelala. Nilidhani amezimia. Lori likatupita, honi yake ikilia. Karavani ikatikisa mara moja zaidi, mara moja ndogo, mara moja ndogo zaidi, kisha ikanyooka. Mwendo ulipofika 40 ndipo alipogusa breki kwa ncha ya kiatu, akatoka barabarani, akasimama kwenye changarawe.

Hakuna aliyesema neno. Mama mkwe alikuwa akisali kwa kilugha. Kitinda mimba alikuwa amejikojolea.

Lori jingine lililokuwa nyuma yetu lilisimama. Dereva wake, mtu mzima mwenye mvi, alishuka pamoja na taniboi wake, akaja moja kwa moja hadi kwenye mlango wa karavani, akachungulia, akaguna. "Mama," akaniambia mimi, sijui alijuaje kwamba ni mimi, "mkia umekuwa mzito." Kisha akatueleza, akiwa amechuchumaa na kijiti mkononi, kwamba chombo kinachovutwa ni kama mshale. Mshale wenye uzito kichwani huruka ukiwa umenyooka. Ukiutia uzito mkiani utageuka hewani. Karavani inatakiwa ikae kidogo kwa kichwa juu ya ndoano ya gari, si sana, ila ilalie. Ukiweka mzigo nyuma ya magurudumu unainua kichwa, na hapo upepo wowote au mteremko wowote utauanzisha huo mchezo. Taniboi alibeba gunia langu la viazi na mitungi, akaviweka sakafuni juu ya ekseli, katikati. Kabeji tuliwapa wao.

Walipoondoka nilimuuliza baba watoto kwa nini hakuniambia pale sokoni. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, mikono sasa ikimtetemeka. "Ningekuambia," akasema, "lakini hukuwa unataka kunisikia. Nikaona ni afadhali viazi kuliko vita mbele ya mama."

Hakuongeza neno. Angeongeza, ningepata la kujitetea.

Tulishuka hadi Naivasha kwa mwendo wa 60, gia ya tatu, mguu ukiwa mbali na breki, kwa maana breki ikishikwa mteremko mzima huchemka na kupoteza nguvu. Waliotupita na watupite.

Sasa nieleze tulivyopima baadaye, maana hili ndilo jambo ambalo ningependa ulikate kwenye gazeti ulibandike jikoni. Karavani za aina yetu hutakiwa kulalia ndoano kwa uzani wa asilimia 5 hadi 7 ya uzani wake wote. Kwa kilo 1,100 hiyo ni kati ya kilo 55 na 77. Zile trela kubwa za Kimarekani hutaka zaidi, asilimia 10 hadi 15. Huhitaji mtambo. Egesha mahali tambarare, zuia magurudumu kwa mawe au vipande vya mbao, kisha weka mizani ndogo ya kujipimia uzani chini ya kichwa cha karavani, usimamishe kipande cha ubao juu yake, na uteremshe kichwa pole pole hadi kilalie ubao huo. Soma. Kabla ya kuijaribu, soma kitabu cha gari pia, kwa sababu ndoano yake nayo ina kikomo chake. Tuliporudi Nairobi tuliijaza kama ilivyokuwa ile siku, gunia na mitungi nyuma, kabeji mpya za kununua sokoni kwa kazi hiyo tu. Mizani ilisoma kilo 12. Tulipoondoa vyote na kuviweka juu ya ekseli ilisoma 68. Tulitazamana, kisha mimi nikaenda kupika hizo kabeji.

Kwa ufupi, vizito vikae chini na juu ya ekseli: maji, viazi, mtungi wa chakula cha kopo. Nguo, mablanketi na vikombe ndivyo vya kabatini na nyuma. Na maji uyabebe machache, lita 20 ni kilo 20. Mfereji upo uendako.

Kule kambini tulipata vichekesho vya aina nyingine. Kurudisha karavani nyuma ni kazi iliyovunja uchumba wa watu. Usukani ukienda kulia, karavani inakwenda kushoto, na dereva anayefikiri sana ndiye anayepotea zaidi. Mimi nilisimama nyuma nikipunga mikono, yeye ndani akisema hanioni, wazungu wawili wamekaa kwenye viti vyao wakijifanya wanasoma. Baadaye tulijifunza njia rahisi. Dereva ashike usukani chini kabisa, kwa mkono mmoja. Anakotaka nyuma ya karavani iende, mkono uende huko huko. Kulia kwa kulia, kushoto kwa kushoto. Na anayeelekeza akae mahali ambapo anamwona dereva kwenye kioo. Akipotea kiooni, gari lisimame. Nendeni uwanja mtupu Jumapili asubuhi mkajifunze hivyo kwa saa moja kabla ya safari ya kwanza, na mtaokoa mengi.

Ukishaegesha, sawazisha upande kwa upande kwanza, karavani ikiwa bado imefungwa kwenye gari, kwa kupandisha gurudumu moja juu ya ubao. Pima kwa pimamaji ya waashi. Kisha zuia magurudumu, fungua ndoano, na usawazishe mbele na nyuma kwa kile kigurudumu kidogo cha mbele. Mwisho ndipo uteremshe ile miguu minne ya chuma ya pembeni. Miguu hiyo si jeki. Kazi yake ni kutuliza, si kuinua, na ukiilazimisha itapinda. Lakini usiisahau, kama tulivyoisahau sisi. Kifungua mimba aliingia mbio, akakimbilia kitanda cha nyuma, na kichwa cha karavani kikainuka juu kama punda aliyezidiwa na mzigo. Nyanya yake alicheka hadi machozi, na huo ndio uliokuwa mwisho wa hofu yetu ya siku hiyo.

Naivasha usiku viboko hutoka ziwani kula majani, na katika kambi zisizo na ua wa umeme huja hadi kando ya kuta. Utawasikia wakitafuna. Usitoke na tochi kuwatazama. Weka ndoo yenye kifuniko ndani, na mwenye haja aitumie hiyo. Asubuhi ni zamu ya tumbili. Dirisha lililoachwa wazi kwa upana wa kiganja latosha kuwapa mkate wako wote.

Usiku wa pili kulikuwa na baridi kali, na gesi ikaisha. Mama mkwe alikuwa amepika nje kwa jiko la makaa, na makaa bado yalikuwa mekundu. Akaliinua jiko kwa kitambaa, akaja nalo mlangoni. Alisema wajukuu wake hawatalala na baridi akiwa yeye yu hai. Nilinyamaza. Mke hawezi kumfungia mlango mama mkwe. Baba watoto ndiye aliyesimama mlangoni.

"Mama, hilo halitaingia."

"Mimi nimewalea nyote jikoni kwa jiko hili hili."

Ni kweli aliwalea. Lakini jiko la nyumbani lipo kwenye jumba lenye nyufa na paa lililoachana na ukuta. Karavani ni kopo lenye kifuniko. Makaa hutoa hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi wala moshi, nayo haikuamshi usingizini, hukuzidishia usingizi. Kila msimu wa baridi tunasoma habari za familia zilizokutwa zimelala moja kwa moja, jiko likiwa katikati ya chumba. Alimweleza mamake hayo yote kwa upole na jiko lilibaki nje, na yeye akalala akiwa amenuna, ameelekea ukutani. Tulichemsha maji kwa hayo makaa huko huko nje, tukatia kwenye chupa, tukazifunga kwa taulo na kumpa kila mtu moja miguuni. Usiku wa manane nilimsikia akiisogeza chupa yake kwa mjukuu.

Kwa sababu hiyo hiyo, usikubali fundi azibe matundu ya sakafuni na paani eti yanaingiza vumbi. Yamewekwa makusudi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hushuka chini, na matundu ya sakafuni ndiyo njia yake ya kutoka ikivuja. Ukifunga mtungi, paka povu la sabuni kwenye viungo vya mpira. Povu likitoa mapovu mapya, pana tundu. Na mtungi ufungwe kabisa wakati wa safari. Kuhusu umeme, ukivuta waya kutoka kwenye nguzo ya kambi uukunjue wote, hata kama ni mrefu mno. Waya uliokunjwa kwenye gurudumu lake hupata joto na unaweza kuyeyuka.

Tabu iliyobaki ilikuwa mahali pa kuiweka. Ghorofa yetu ina nafasi ya gari moja, na mwenye nyumba alitaka kodi ya karavani kana kwamba ni mpangaji. Kwa mwaka mmoja na zaidi tuliihamisha kutoka kwa shemeji hadi kwa rafiki, kila mmoja akianza kwa ukarimu na kumalizia kwa kukohoa. Ukikaa ghorofani, jibu swali hilo kabla ya kununua, na kila miezi miwili isukume kidogo tairi zisilalie sehemu moja.

Ploti tuliipata mwaka 2024, si Kitengela tena, bei zilikuwa zimetukimbia, bali mbele zaidi, Isinya. Ni ndogo. Bado haina nyumba. Siku ya kwanza tulivuta karavani hadi hapo, tukaiegesha chini ya mgunga pekee uliopo, na tangu hapo twalala humo kila tunapokwenda kusimamia mafundi wa ua. Mama mkwe ana kitanda chake, cha mbele, karibu na dirisha. Mwezi uliopita alikuja na gunia la viazi kutoka nyumbani, na kabla mtu hajamwambia neno, aliingia, akahesabu hatua kutoka mlangoni, akamwonyesha kijana aliyelibeba mahali penyewe kwa fimbo yake: hapo, katikati, juu ya magurudumu.